Jioni Masufuria Yaliponyamaza

6 Juni 1911

Muuza dawa ya mafua amepita na mashua ya abiria. Nimenunua chupa moja, akanipa na kitabu hiki cha kurasa tupu, bure. Akasema niandike humo maradhi yangu. Mimi sina maradhi, nina majirani. Shule niliiacha kabla sijajua kugawanya, lakini kuandika naandika, na asiyeweza kuusoma mwandiko wangu asiusome.

Maji yameshuka na watu wa kombe, wavuvi wa chaza wa mtoni, wamerudi kijijini kwetu Tolliver. Wanakuja kila kiangazi na matishari yao, kila tishari lina kibanda cha mbao juu yake, humo wanapika, wanalala, wanazaa. Mmoja amefunga lake kwenye mwerebi ulio chini ya kibaraza changu hasa, kana kwamba mto wote wa Illinois hauna mti mwingine. Bomba la jiko limepinda. Nguo za ndani za mwanamume zinaning'inia kwenye kamba. Ndicho ninachokitazama nikinywa kahawa.

9 Juni

Wamewasha mapipa ya kuchemshia kombe. Ganda linakwenda kukatwa vifungo vya mashati ya matajiri, nyama inabaki kutuozea sisi. Harufu imeingia mpaka kwenye siagi.

15 Juni

Leota amepata kazi kwenye banda la vifungo, anachambua maganda, makubwa huku, madogo kule. Leota ni mke wa marehemu mwanangu Orrin. Tangu homa ya mapafu imchukue Orrin, yeye na mtoto wao Nettie wanakaa kwangu. Nimemwambia kwamba mke wa mtu wa ukoo wetu wa Stroud hachambui maganda. Akasema, "Mama, Nettie anahitaji viatu." Nikasema viatu vya Orrin vya utotoni vipo darini. Akasema vimeliwa na panya. Nimekwenda kuvitazama. Vimeliwa na panya.

22 Juni

Joto. Kuku wawili wamekufa.

4 Julai

Sherehe kwenye uwanja wa shule, bendera, fidla, kuku wa kukaanga. Nilikaa na Huldah Beemer kwenye benchi letu. Huldah ana macho ya mwewe na ulimi wa kuendana nayo.

"Permelia, mkweo anacheka."

"Ana meno. Acha acheke."

"Anamchekea yule wa tishari la chini ya kwako."

Nikageuka. Kweli, Leota anacheza na yule mwenye nguo za ndani kwenye kamba. Wakacheza tena. Wakacheza tena. Nettie akipiga makofi.

"Anaitwa Dallas Ruckel," Huldah akasema. "Hana mke, hana deni, hanywi sana."

"Hana kaburi pia," nikamwambia. "Watu wale hawana hata mfu mmoja kwenye kilima chetu. Mtu asiyezika mahali si wa mahali."

Huldah akasema, "Basi mpe muda, afe." Akacheka peke yake.

11 Julai

Joto bado. Mahindi yamejikunja. Leota amejinunulia utepe wa buluu. Nilipiga sahani kwenye meza kwa nguvu kuliko kawaida.

20 Julai

Amekuja. Nilikuwa nakoboa njegere kibarazani.

"Hodi, Bibi."

"Mimi si bibi yako. Bibi yako, kama yupo, hakukufundisha kuvua kofia."

Akaivua. Paji la uso jeupe, mashavu mekundu, kama figili iliyomenywa nusu.

"Naitwa Dallas Ruckel."

"Najua jina lako. Najua na nguo zako za ndani zimetoboka wapi."

Nilidhani ataona haya. Akacheka mpaka akashika nguzo. "Basi wewe na mimi hatuna siri, Mama. Nimekuja kwa ajili ya Leota. Baba yake hayupo, nikaona nikuombe wewe."

"Ukimpata utamweka wapi?"

Akaonyesha kule chini.

"Nyumba yenye kamba badala ya msingi," nikasema. "Ukiudhika, unafungua kamba."

"Sijaudhika bado."

Kisha akainama akatazama sakafu ya kibaraza changu. Akapitisha kidole kwenye yale matundu ya mviringo yaliyo kwenye mbao. "Haya ni matundu ya vigingi," akasema. "Mbao hizi zilikuwa tishari, Mama. Kuna mtu alishuka nalo mto, akalipasua, akajengea. Mbao nzuri sana."

Kila mtu Tolliver anajua kwamba Enoch Stroud, babu wa mume wangu, mtu wa kwanza kupigilia nguzo ya gati hapa, alifika juu ya tishari na mke, ng'ombe na watoto wenye upele. Tunajua, lakini hatusemi. Tunasema Enoch *alifika*. Sasa mla kombe amekuja kunisomea nyumba yangu kwa kidole.

"Toka kibarazani kwangu."

"Nilikuwa naisifu—"

"Toka."

Leota alikuwa mlangoni. "Mama, ameomba kwa heshima."

"Heshima hainuki kombe," nikasema.

Akashuka ngazi, akaenda naye mpaka majini.

28 Julai

Leota ameniambia wataoana Agosti tarehe kumi na mbili, ng'ambo ya mto, mbele ya hakimu. Nikasema fanya upendavyo. Nilijua kwamba sitamwacha afanye apendavyo, ila sikujua bado nitafanya nini.

10 Agosti

Nimeshajua.

Hapa kwetu watu wakioana, jioni ya kurudi nyumbani wanapigiwa masufuria. Kijiji kizima kinakuja giza likianza kuingia: masufuria, makarai, kengele za ng'ombe, bunduki za kupiga hewani. Maharusi wanajifanya wameshtuka. Wanatoka, wanatukanwa matusi ya mapenzi, bwana harusi anatupwa mtoni, kisha wanalisha watu pai na maji ya tufaha, wanaume wanapewa sigara. Ukishalishwa unanyamaza, unakwenda kwako. Usipolishwa huachi kupiga. Ndivyo ilivyokuwa kabla ya reli kupita ng'ambo na kuondoka na nusu ya watu wetu, na sisi tuliobaki tumebaki na desturi hii. Mimi walinipigia mpaka dirisha likavunjika. Ansel Kirk wa dukani, ambaye hubeba kengele kubwa na kuongoza wengine, alioa mara ya tatu akiwa hana meno ya mbele, na alipigiwa. Asiyepigiwa masufuria hajaoa Tolliver. Amehamia tu kitanda.

Leo nimepita nyumba kwa nyumba. Nimewaambia, atakayepiga sufuria kwa ajili ya tishari lile asinitumie mtu siku ya shida. Basi. Sikuwa na haja ya kuongeza. Nusu ya kijiji hiki nimeipokea kwa mikono yangu ikitoka tumboni, na wafu wao nimewaosha mimi. Merle, binti wa Huldah, anatarajia kujifungua Septemba. Huldah alinitazama muda mrefu.

"Unasema kweli, Permelia?"

"Nimewahi kukutania?"

Ansel alikuwa anafuta vumbi kengele yake. Akairudisha chini ya meza ya duka.

12 Agosti

Nimekaa kibarazani jioni yote nikaona kila kitu.

Wamerudi na mtumbwi saa kumi. Leota amevaa utepe wa buluu. Wakatandika meza kwenye sitaha, kitambaa cheupe, taa kila pembe. Pai nyingi, sijui ameoka wapi na jiko lile la bomba lililopinda. Pipa dogo la maji ya tufaha. Ruckel akapanga sigara kwenye bilauri kama maua. Nettie amevaa gauni la kanisani. Kisha wakaingia ndani wakafunga mlango, kama inavyotakiwa, wakasubiri kushtushwa.

Giza likaingia. Vyura wakaanza. Kijijini watu wamekaa majumbani, hata mbwa hawakubweka. Nikasikia mlango wa tishari ukifunguliwa kidogo, ukafungwa. Ukafunguliwa tena.

Sauti inakwenda mbali juu ya maji. Nettie akauliza, "Mama, labda wamesahau?" Ruckel akasema, "Wanatafuta bunduki kubwa zaidi." Nikatabasamu. Naandika ukweli. Nilitabasamu.

Baadaye Leota akatoka peke yake. Akasimama akitazama huku juu, kwenye kibaraza changu. Sikuwa nimewasha taa lakini alijua nipo. Hakuita. Akazima taa za meza, moja moja, bila haraka.

Nimewaonyesha. Nakwenda kulala.

13 Agosti

Kanisani Leota hakuja. Asubuhi alimwaga pai zote mtoni. Zilipita mbele ya gati wakati watu wanakwenda ibadani, zinaelea kidogo kisha zinazama. Huldah alizitazama. Ansel alizitazama. Hakuna aliyenitazama mimi.

15 Agosti

Nettie amekuja kuchukua blanketi lake. Nilimpa biskuti, akaishika bila kuila.

"Bibi," akasema, "mimi nilikuwa nimejifunza kushtuka."

"Kushtuka vipi?"

"Baba Dallas alinifundisha. Unaweka mikono hivi." Akaanza kuinua mikono kuelekea mashavuni, kisha akaishusha. "Lakini haikuhitajika."

Akabeba blanketi akaenda. Biskuti ameiacha kwenye ngazi. Nimekaa kibarazani mpaka kuku wakaja wakaila, sikuwafukuza.

16 Agosti

Sijalala.

24 Agosti

Mvua kidogo. Ruckel amepita karibu na gati na mtumbwi wake uliojaa kombe. Zamani alikuwa ananipungia kofia, nami nageuza uso. Leo amepita kofia kichwani. Nimegundua nilikuwa nimeshajiandaa kugeuza uso, na sikuwa na cha kugeuzia.

2 Septemba

Nimekutana na Leota dukani. Nilikuwa nimefikiri nitasema nini: kwamba Orrin alikuwa mwanangu wa pekee, kwamba nyumba imekuwa kubwa. Nikafungua mdomo, kikatoka: "Umekonda. Hakulishi?"

Akasema, "Habari za asubuhi, Mama Stroud." Akalipia uzi wake, akatoka.

Mama Stroud! Ndivyo wanavyoniita watu wa barabarani. Miaka yote aliniita Mama. Ansel alisikia, akaanza kupanga makopo ambayo yalikuwa yamepangwa.

17 Septemba

Nimempokea mtoto wa Merle. Mvulana, kichwa kikubwa kama cha akina Beemer wote. Alikuja vibaya, miguu kwanza, nimefanya kazi tangu asubuhi mpaka alasiri, wote wawili wazima. Nilipokuwa nanawa mikono Huldah akanishikia taulo.

"Ungekataa kuja kweli?" akaniuliza.

"Unanionaje mimi?"

"Sijui tena, Permelia. Ndiyo maana nauliza." Akakunja taulo. "Nilikaa jikoni kwangu jioni ile na sufuria mapajani. Mapajani, unasikia? Kama mwendawazimu. Nikasema nikilipiga hata mara moja, Merle atakufa na mtoto tumboni. Mtu niliyekaa naye benchi moja maisha yangu yote ndiye aliyenitia hofu hiyo."

"Nisingekataa," nikasema.

"Basi tulimfanyia yule msichana unyama kwa ajili ya uongo."

Nikajiambia nimechoka, nikaondoka. Nimerudi nyumbani nikaona damu ya Merle bado iko chini ya kucha zangu, na nikafikiri juu ya mikono hii ambayo watu wanaiogopa. Mama yangu alinifundisha kazi hii ili watu wasiogope.

18 Septemba

Nimevuna maboga. Mengi. Hakuna wa kula.

1 Oktoba

Kanisani Huldah amekaa benchi la mbele na mjukuu. Nimekaa peke yangu kwenye letu. Watu wote wananisalimu kwa adabu. Ni adabu ile tunayowapa wakusanya kodi.

9 Oktoba

Nimemsikia Ansel akimwambia mwenye mashua ya mizigo arudishe matofali. Nikauliza matofali ya nani.

"Ya Ruckel."

"Tishari linataka matofali ya nini?"

"Ya bomba la jiko, Mama Permelia. Alikuwa alivute tishari lake juu, kwenye kiwanja kile cha nyuma ya kanisa, aliweke kwenye mawe, ajenge bomba la kweli. Nettie aende shule hapa. Leota hakutaka mtoto akae mbali na wewe." Akasema bila kunitazama. "Sasa wamebadili nia. Wanashuka na mto na wenzao kabla barafu haijaanza. Watatafuta maji yasiyoganda huko Kusini."

"Watarudi kiangazi."

"Kombe zimeisha hapa. Banda linafungwa. Warudie nini?"

Nimetembea mpaka nyumbani na unga niliosahau kuufunga, umemwagika njia nzima. Nilimwambia yule mtu kwamba akiudhika atafungua kamba. Alikuwa anatafuta mawe ya msingi. Aliyeifungua kamba ni mimi.

14 Oktoba

Nimeshuka kwenye tishari na mfarishi mzito wa kujifunikia. Leota alinipokelea kwenye ubao wa kupandia, hakunikaribisha ndani.

"Baridi inakuja," nikasema. "Mfarishi huu ni wa Orrin."

"Asante, Mama Stroud. Tunao."

"Leota, usiniite hivyo."

"Nikuiteje?"

Nikaanza kumwambia kwamba mshono wa gauni la Nettie umeachia, nikajisikia nikisema hivyo, nikanyamaza. Ruckel alikuwa anapaka lami mashua. Akasema bila kuinua kichwa, "Ngazi ya nne imeoza, Mama. Angalia ukipanda." Alikuwa ananiondoa, lakini hakutaka nianguke. Ningependa angenitukana.

28 Oktoba

Barafu nyembamba kwenye ndoo asubuhi. Matishari mengine yameondoka. Lao litaondoka Alhamisi.

30 Oktoba

Nimepita tena nyumba kwa nyumba, kama Agosti. Nimewaambia tukawapigie masufuria kabla hawajaondoka. Nimeomba. Sijui kuomba vizuri, huenda ilisikika kama amri.

Mke wa mchungaji akasema miezi imepita, tutakuwa tunawadhihaki. Merle akasema mtoto anakohoa. Huldah akafunga mlango taratibu sana, nikasikia komeo.

Ansel alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama Permelia, mara ya kwanza tulikutii. Tangu siku ile mimi siwezi kuigusa kengele yangu. Ukitaka kupiga, piga. Lakini usitutume tena."

Ana haki. Nimeandika hivyo kwa mkono wangu mwenyewe, sikulazimishwa na mtu.

2 Novemba

Nimekwenda peke yangu.

Asubuhi, jua kweupe, ukungu umeshainuka. Nilichukua karai la kufulia na mwiko. Ruckel alikuwa anafungua kamba ya nyuma. Nikasimama ukingoni nikaanza kupiga. Sikujua namna ya kuanza matusi ya mapenzi, nilisema yaliyokuja: "Tokeni nje, wavivu! Leota Stroud, umeolewa na mtu mwenye paji la figili! Tokeni tuwaone!" Sauti yangu ilikuwa ya kunguru. Karai lilikuwa linalia kweli, linarudi kutoka ng'ambo. Milango kijijini ikaanza kufunguka. Watu wakatoka wakasimama kwenye vibaraza vyao, mikono kwenye aproni, wakitazama mwanamke mzee akijiaibisha mchana. Watazame. Niliwahi kuaibisha wengine nikiwa nimekaa kimya gizani, hii ilikuwa afadhali.

Leota akatoka.

"Mama Stroud, acha."

"Siachi mpaka nilishwe. Unajua desturi."

"Sina cha kukulisha. Jiko limezimwa, vyombo vimefungwa."

"Basi siachi."

Akanitazama. "Nilikusubiri jioni ile," akasema. "Si wao. Wewe. Nilimwambia Dallas, Mama atakuja wa mwisho, lakini atakuja."

Mkono wangu ulisimama hapo. Kisha nikapiga tena.

"Nilikosa, Leota," nikapiga kelele juu ya karai. "Nilikosa mimi, si kijiji! Nilimkosea na mtoto!"

Kibarazani kwa Beemer kila mtu alisikia. Leota akasema, "Basi piga," akaingia ndani.

Ruckel akasukuma kwa mti mrefu. Tishari likatoka polepole, mkondo ukalichukua. Nettie nilimwona dirishani, uso tu, amekaza macho. Nikatembea ukingoni sambamba nao, nikipiga, nikapita gati la Enoch, banda la vifungo, malundo ya maganda, mpaka kijito kinapokata njia na hakuna daraja. Hapo nikasimama nikapiga mpaka walipopinda kona. Baada ya hapo nikapiga bado, maana hakuna aliyekuwa amenilisha.

3 Novemba

Mkono wa kulia hauinuki. Huldah amekuja kuniwashia jiko.

6 Novemba

Theluji ya kwanza, nyepesi.

8 Novemba

Mashua ya mizigo imepanda kutoka chini. Mpishi wake amekuja mpaka mlangoni kwangu na kifurushi cha kitambaa. Akasema amepewa na mwanamke wa tishari lililofungwa karibu na kisiwa, kona mbili kabla mto wetu haujaingia mto mkubwa, na kwamba hakuna ujumbe.

"Hakusema hata neno?"

"Alisema nihakikishe unakipokea mwenyewe."

Ndani ni kipande cha mkate wa mahindi. Hakuna karatasi, hakuna utepe. Nimekaa nao mezani muda mrefu. Inaweza kuwa amenisamehe. Inaweza kuwa amechoka kusikia karai langu kichwani mwake na anataka ninyamaze, kwa sababu aliyelishwa hana ruhusa ya kuendelea. Sitamuuliza, hata akirudi.

Leota hajawahi kujua kuoka mkate wa mahindi. Chini ulikuwa umeungua. Nimeula wote, na ulipoungua pia.